Presha ya mzee 172 kwa 74 na kreatinini imepanda, figo na mishipa wapi na wapi?

mtoto_wa_kiboriloni: Habari za jioni wakuu. Mzee wangu ana miaka 63, tupo Moshi, presha anayo toka 2017 na amlodipini anameza japo siku zingine anaruka. Juzi nimempeleka kupima, presha 172 kwa 74, kreatinini (kile kipimo cha damu cha kuangalia figo) 128, mkojo una protini, wameandika alama mbili za kujumlisha. Dokta akasema figo zimeanza kuchoka na mishipa imekakamaa, nyuma yetu foleni ndefu nikaona aibu kuuliza zaidi, sasa nimebaki na karatasi mkononi. Mzee mwenyewe anasema haumwi kitu, ila akivua soksi zinaacha mtaro mguuni kama alifungwa kamba.

Mangi_Mstaafu: Pole mdogo wangu. Aache mbege wiki mbili, achemshe majani ya mparachichi, utanishukuru.

dada_wa_maabara: Mangi shikamoo, ila majani tuyaweke pembeni kwanza, figo zikiwa zimechoka hujui unazibebesha nini. Mtoto, kwa umri wake hiyo 128 ukikokotoa uchujaji wa figo inakuja kama 54 hivi. Chini ya 60 ikikaa miezi 3 ndo wanaita ugonjwa sugu wa figo, so lazima arudie, na kama jana yake alipiga nyama choma ya nguvu kreatinini inaweza kupanda kwa hiyo tu. Protini ndo inanitisha mimi.

Halafu angalia presha, 172 toa 74 unapata 98, kawaida pengo ni kama 40. Watu wanaona ya chini 74 wanafurahi, kumbe kwa mtu mzima pengo hilo ndo mishipa mikubwa inasema imekuwa migumu. Mshipa mlaini moyo ukipiga unatanuka unaumeza mshindo, ukikakamaa ni sawa na gari shokapu zimekufa, njia ya makorongo, kwenye buti kuna trei ya mayai. Figo ndo mayai. Zinapokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, mshindo unafika mpaka kwenye vichujio, vinaumia, protini inavuja. Na figo zikichoka nazo zinarudisha kisasi, chumvi na maji vinabaki mwilini, baadae fosfeti inapanda na kalisiamu inaganda kwenye kuta za mishipa. Kipi kilianza? Mara nyingi hata dokta hawezi kukwambia. Ombeni kipimo cha albumini, yaani hiyo protini inayovuja, kwenye mkojo, pamoja na sukari.

Mangi_Mstaafu: Marahaba. Na mbege je?

dada_wa_maabara: 😂 Apunguze, ila aanze na chumvi, ile ya kumwagia nyama kabla hata hajaonja. Kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu na ya kwenye mboga.

kijana_wa_pasua: Mama yangu walimuongezea losatani, dawa nyingine ya presha, protini ikashuka, ila baada ya wiki 2 walimuita kupima potasiamu, muulize dokta, usijinunulie. Miguu kuvimba inaweza ikawa hiyo amlodipini pia, asiache tu kienyeji. Mzee anameza dawa gani ya maumivu? Diklofenaki inapandisha presha na figo inazimaliza kimya kimya.

mtoto_wa_kiboriloni: Daah. Nimempigia mama sasa hivi, kumbe kila akitoka shamba anameza diklofenaki mbili za mgongo, mwaka wa pili huu, anazificha kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Jumatatu narudi nae hospitali, na kopo nalibeba.