Kikundi «Maonyesho ya Mdogo»: kilo kwanza, rangi nyuma

Tantine Galeri: Jambo yenu bote. Vernisaji, maana ufunguzi wa maonyesho, ni Ijumaa saa kumi na moja. Vitu 14, msanii mmoja, hakuna mwenzake wa kufunika makosa. Kabla ya kubishana rangi ya ukuta, nipeni kilo za kila kitu.

Papa Fonderi: Kilo hazikisiwi kwa macho. Bronzi ni kama kilo 8.8 kwa litre. Ile sanamu ya mama wa bakuli ina ngozi ya milimita 5 na eneo kama mita 1.2 za mraba: litre 6, kilo 53. Ukiongeza fito za ndani na kitako, andika 60. Lakini kalibu ikisogea kidogo na ngozi ikatoka milimita 7, ngozi peke yake inafika 74. Mkamweke juu ya mzani wa magunia ya mahindi, musiniamini mimi.

Mdogo: Na bati la mukuba (shaba), lile la ukutani?

Papa Fonderi: Milimita 1 ni kilo 9 kwa mita ya mraba, 2 ni 18. Lako ni la milimita 2, mita 1.6 kwa 0.9, basi kilo 26. Ukuta ni tofali gani?

Tantine Galeri: Za kuchoma, nzima. Juu yake plasta ya sentimita 2 hivi.

Yaya Soudeur: Plasta haibebi kitu. Boliti ya M8 iingie sentimita 6 ndani ya tofali lenyewe, si kwenye msitari wa simenti. Nne, pembe zote. Kila moja ihesabiwe kama ingebeba mzigo wote mara tano, kwa sababu watoto watavuta. Na kati ya boliti ya chuma na mukuba weka bushi ya plastiki. Vikigusana penye unyevu, chuma njo kinaliwa kwanza, na kutu yake inashuka rangi ya kahawa juu ya ukuta wenu mweupe.

Papa Menizye: Sokle zangu, visanduku vya kusimamishia sanamu, ni kontreplake (plaiwudi) ya milimita 18, si MDF, ile mbao ya unga wa miti uliogandishwa. MDF ikinywa maji wakati wa mvua inavimba kwenye kingo, halafu inatoa mvuke wa asidi. Ndani ya kisanduku cha kioo mvuke ule haupati njia, unarudi kwa chuma.

Tantine Galeri: Rangi?

Papa Menizye: Nyeupe isiyong'aa, mikono 3, halafu siku 7 bila kuwekwa kitu. Mukiweka kilo 60 juu ya rangi ya jana, kitako kinagandamana, na siku ya kufunga unang'oa ngozi ya sokle pamoja na patina, ile rangi ya juu ya bronzi. Ya yule mama ni sentimita 90 kwa 90, kimo 40, na chini natia mifuko 3 ya mchanga. Zile nyembamba za kimo cha 110 natia mfuko mmoja mmoja, kwa sababu mtu akigeuka na begi mgongoni, sokle tupu inaanguka.

Mdogo: Chini ya bronzi niweke chambre à air, mpira wa ndani ya tairi? Iko mingi huku.

Papa Fonderi: Hapana!! Mpira ule umepikwa na kiberiti. Wiki mbili tu, mukuba uliong'arishwa unakuwa mweusi pale ulipogusa. Na kitambaa cha sufi vilevile. Tia povu jeupe la plastiki, lile la kufungia televisheni.

Dada Malakiti: Afazali umeuliza. Sasa na mimi niseme la kwangu: mtu asipanguse jiwe la malakiti na siki wala ndimu, hata kama mama yake anapangusia sufuria za mukuba hivyo. Malakiti ni kaboneti ya shaba, asidi inaitoa mapovu na mng'ao unakufa papo hapo. Ni laini pia, 3.5 mpaka 4 kwenye kipimo cha Mohs, kisu kinaichora. Nta kidogo na kitambaa cha pamba, basi. Kama kuna kusugua tena, isuguliwe na maji na mtu avae maski: vumbi lake ni sumu.

Tantine Galeri: Kile kipande cha 30 kwa 20 kwa 20?

Dada Malakiti: Litre 12, karibu kilo 4 kila litre. Kama hakina mapango ndani, 48. Watu wawili.

Tantine Galeri: Mdogo, zile doa za kijani kwa ndege wa bronzi ni za kusudi?

Mdogo: Nilipiga amonia, chumvi na siki.

Papa Fonderi: Ulisuuza?

Mdogo: Maji ya robine, mara moja.

Papa Fonderi: Njo pale. Chumvi imebaki ndani ya vitundu. Kijani kigumu kilichoshika ni patina. Kijani cheupe, cha unga, kinachotoka kwa ukucha na kesho yake kinarudi, ule ni ugonjwa, na kwa unyevu wa Januari hautangoja vernisaji ipite. Leo: toa unga kwa mswaki, loweka ndani ya maji distile, badilisha maji kila siku mpaka Jumatano. Jumatano upashe moto polepole hata mkono usikae juu yake, halafu nta ingali joto. Moto unakausha vitundu na nta inafunga mlango. Na chupa ya maji ya betri isome vizuri: kuna distile na kuna asidi, duka moja, rangi moja.

Yaya Soudeur: 😂 Hiyo chupa imeharibu mengi.

Tantine Galeri: Batu bote watakaobeba wavae glavu za nitrile. Za pamba zinateleza, na jasho la kidole linaacha alama ambayo haitoki.

Yaya Kuran: Mataa: spoti 28 za LED, wati 10, 3000 K. Chuma hakiogopi mwanga kama karatasi, kwa hiyo zile michoro 3 za penseli tu njo nitashusha mpaka lux 50. Kwa bronzi, taa kubwa itoke juu kwa mteremko wa digrii 30, ya pili upande mwingine, na nguvu theluthi moja. Zikilingana, uso unakuwa kama sahani. Na mukuba unaong'aa hauonyeshi taa, unaonyesha kile kilicho mbele yake: toeni lile bango jekundu.

Tantine Galeri: Na kuran (umeme) ikikatika?

Yaya Kuran: Wati 280. Betri 2 za 12 V, 100 Ah, ninatumia nusu tu: 1200 Wh. Invata inakula yake, zinabaki saa 3 na nusu. Kama DJ atachomeka kwangu, hesabu imekufa.

Dada Malakiti: Karteli, vile vikaratasi vya majina, za zile handa (vipande vya mukuba vya umbo la msalaba) zimeandikwa «msalaba». Watu watafikiri Kanisa. Andika handa, na sentensi moja: ilikuwa mali na feza ya mukuba, imeonekana katika makaburi ya Sanga kule Upemba, na ni zile 3 za bendera ya Katanga ya 1960.

Tantine Galeri: Nabadilisha. Bronzi ziwe na namba pia. Wafaransa wanakubali 8 za namba na 4 za msanii, baada ya hapo ni kopi. Mdogo, ukiandika 1/8, ya tisa ya namba usisubu.

Papa Menizye: Mlango wa galeri una upana gani?

Tantine Galeri: 82.

Papa Menizye: Ile ya 90 haipiti.

Yaya Soudeur: Ina kimo cha 40. Isimamishe kwa ubavu.

Papa Menizye: Basi mchanga nitatia ndani. Mtu asitangulie kuijaza.