Naomba ushauri: geti la mgodi wenye popo

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Naishi Pennsylvania, Marekani, na katika shamba tunalolimiliki kwa ubia kuna mgodi wa madini ya chuma ulioachwa zamani, ambamo popo wadogo wa kahawia hulala usingizi mzito majira yote ya baridi.

Wenzangu walitaka mlango ufukiwe ili watoto wa majirani wasiingie. Hofu yao ni ya haki, lakini kufukia ni kuwazika popo wakiwa hai, nao wamebaki wachache mno tangu ugonjwa wa pua nyeupe, unaosababishwa na kuvu, uonekane New York mwaka 2006. Popo anayezinduliwa katikati ya baridi, iwe na ugonjwa huo au na watu wanaoingia, huteketeza mafuta aliyojiwekea mwilini, na wadudu wa kula hawapo.

Tuliweka bango la onyo na uzio wa waya, uzio umekatwa. Sasa tumekubaliana kujenga geti la vyuma vya kulala, vyenye nafasi ya takriban sentimita 15, popo apite na mtu asipite.

Tatizo ni kwamba mgodi una tundu la pili juu kilimani, lililosimama kama kisima, na hewa inayopita kati ya matundu hayo ndiyo inayodumisha ubaridi popo wanaouhitaji. Je, tundu hilo la juu tulizibe vipi kwa usalama bila kubadili mkondo wa hewa? Na kwa kuwa popo huanza kukusanyika mlangoni tangu Agosti, je, kujenga Juni kunatosha kuepuka kuwasumbua?