Chaja ya betri ya lithiamu inakata mapema, naomba ushauri

Salaam ndugu zangu. Niko Langoni, Lamu. Nina betri ya seli 3 za 18650 (seli ndogo za lithiamu za umbo la mcheduara) zilizounganishwa mfululizo, ya taa ya kuvulia usiku. Chaja ni ya volti 12.6, lakini inawasha kijani betri ikiwa 11.9 tu. Nikiichomoa na kuirudisha, inachaji kidogo, inakata tena.

Viungo nimevisafisha, maana chumvi ya bahari huku hula kila kitu. Kisha nikapima seli moja moja: mbili zina volti 3.85, ya tatu 4.2, yaani imejaa. Nashuku hiyo ya tatu ikijaa, saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri inakata umeme na chaja inadhani kazi imekwisha.

Je, nizichaji zile mbili pekee hadi zilingane, au hii ya tatu imechoka, niibadilishe? Naogopa kubahatisha, lithiamu ikizidishiwa chaji huwaka moto.