Nimepata banda la kuchora hina Bulabo na Nane Nane, mwenzangu anang'ang'ania piko. Naombeni ushauri

Mchoraji wa Igoma
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mchoraji hina hapa Mwanza, naishi Igoma. Kazi yangu kubwa ni mabibi harusi, na msimu wa Idi nachora mpaka mgongo unagoma. Mwaka huu nimepata nafasi ya kuweka banda Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma kule Bujora mwezi wa sita, na nikijaliwa niingie Nane Nane pale Nyamhongolo. Nachangia banda na mwenzangu, yeye ndiye mwenye meza, mwavuli na viti.

Shida iko hapa. Bibi harusi namchora jioni, chakula analishwa, analala nayo, asubuhi anaipangusa. Mtu wa sherehe hana muda huo. Kaja na watoto, mkono mmoja kashika mtoto, wa pili kashika muwa, na masikio yote yako kwenye ngoma. Mwenzangu anasema dawa yake ni piko: nusu saa imekauka, nyeusi tii, na kwenye ngozi zetu za maji ya kunde inaonekana kuliko hina. Ananunua unga wa rangi ya nywele mjini, anaukoroga na maji kidogo, kazi imeisha. Anasema tukienda na hina ya kawaida tutakaa kupigwa na vumbi huku wateja wanajaa banda la jirani.

Mimi roho inasita, maana nasikia watu wanababuka. Ila nimeona pia wengi wanapakwa na hawadhuriki. Kuna namna ya kupaka piko kwa usalama? Kama haipo, hina nitamuuziaje mtu anayetembea? Na watoto wanataka simba na vipepeo usoni, natumia rangi gani? Wazoefu karibuni, wa kejeli piteni kushoto.

Dogo wa Nyegezi
Dada, biashara ni biashara. Mteja anataka nyeusi, mpe nyeusi. Mke wangu anapaka piko kila Idi na yuko fresh kabisa. Msimu hausubiri mtu.

Nesi wa Zamu
Dogo, hiyo "yuko fresh" ndiyo inayotujazia foleni.

Piko ya dukani ni rangi ya nywele. Kinachoipa weusi wa haraka ni kemikali inayoitwa PPD. Soma pembeni mwa pakiti, mara nyingi utaikuta kwa maandishi madogo pamoja na onyo. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele, na isizidi asilimia 2 inapofika kichwani. Kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Mchoraji wa kwenye banda hapimi asilimia, anakoroga mpaka iwe nzito.

Kwa nini wengi hawadhuriki? Kwa sababu mzio wa PPD unajengeka. Mara ya kwanza mwili unaweza kuinyamazia, au ukajibu baada ya wiki moja hadi mbili, banda lako limeshafungwa na wewe uko kwenye harusi nyingine. Akirudia kupakwa, mchoro unavimba, malengelenge yanafuata mstari wa ua lilelile, na kidonda kikipona kinaweza kuacha alama. Mzio huo haumtoki tena. Siku akipaka rangi nywele saluni, uso na macho vinafura.

Kwa hiyo piko salama haipo. Hata kumpaka kidogo nyuma ya sikio ili umjaribu hakukusaidii, maana majibu yanaweza kuchukua siku mbili au zaidi, na jaribio lenyewe linaweza kuwa ndilo linalomwanzishia mzio.

Nyongeza, kwa sababu hili watu hawalisemi: hina safi nayo si ya kila mtoto. Kuna watu wana upungufu wa G6PD, hali ya kurithi ambayo kwenye maeneo ya malaria kama huku kwetu ni ya kawaida. Hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao, mtoto akapauka, macho yakawa ya njano, mkojo mweusi. Wachanga na watoto wadogo usiwapake. Mzazi akikwambia mwanawe alikatazwa dawa fulani hospitali kwa ajili ya damu, huyo usimguse.

Baba Wawili
Nathibitisha. Binti yangu alipakwa na mchoraji wa barabarani wakati wa Idi. Ua likavimba, likatoa maji. Kidonda kimepona ila ua liko palepale nyuma ya mkono, limebaki jeupe. Tulimtafuta aliyemchora, namba haipatikani.

Bi Mkubwa Kirumba
Mwanangu, mimi ni wa Tanga, ndoa ndiyo iliyonileta Mwanza. Tulia nikupe kazi.

Nani kakwambia hina lazima mtu akae kitako? Anayepaswa kukaa ni bibi harusi, kwa sababu kajaa mpaka kwenye viwiko. Mtu wa sherehe mchore ua moja, dakika tano, halafu mwache aende na ngoma zake. Likishika, unalipiga kwa pamba yenye maji ya ndimu na sukari ili lisipukutike kwa upepo, kisha atembee nalo. Ikikaa masaa sita hadi nane rangi inakolea vizuri, hata manne si haba. Mwambie asioshe kwa maji. Akwangue kwa kadi au mgongo wa kisu, apake mafuta ya nazi, maji yasubiri mpaka kesho yake.

Hapa ndipo wachoraji wengi wanapogombana na wateja: hina ikitoka ni ya chungwa. Inaiva kwenda kahawia siku moja au mbili baadaye. Usipomwambia mapema atarudi kukutukana. Piga picha mkono huohuo siku ya kwanza na siku ya tatu, uzibandike mezani, maneno yatapungua.

Ngozi nyeusi haina tatizo na hina, tatizo ni mahali unapochora. Kiganja, ncha za vidole, pembeni ya vidole na nyayo hushika sana kwa sababu ngozi ni nene. Mgongo wa mkono hushika kiasi. Bega na kifua ni kupoteza hina. Na yale mauamaua ya Kihindi yenye mistari kama uzi waachie wenye muda, kwenye ngozi yetu yanapotea. Chora majani mapana, petali zijaze, acha nafasi kati yake.

Unga uchekeche kwa kitambaa laini, ukande kwa ndimu, tia sukari na matone machache ya mafuta ya mkaratusi, funika ulale. Asubuhi ukikuta juu pamekuwa kahawia na ndani bado kijani, imeiva. Asikudanganye mtu kutia petroli wala mafuta ya taa. Na unga ukiwa mweusi, au muuzaji akakuapia kwamba unakolea kwa dakika kumi, rudisha, hiyo si hina. Koni zako ziweke kwenye boksi la barafu, joto la mchana linaiua nguvu. (Boksi lisiwe la samaki. Hina yenye harufu ya sato haina mteja.)

Mchoraji wa Igoma
Shikamoo mama, asante sana. Mwenzangu kasoma anasema "sawa, na anayetaka nyeusi leo hii tumfukuze?"

Bi Mkubwa Kirumba
Marahaba. Mchoreni kwa wanja wa maji, ule wa kope. Mweusi, unakauka palepale, jioni anaoga unatoka. Ila umwambie kabisa kwamba ni wa siku moja na umtoze bei ya siku moja.

Ng'wana Kisesa
Wengi wamesema ya mkononi, mimi niseme ya Bujora maana ni nyumbani.

Kwanza tarehe: Bulabo inakwenda na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo inafuata Pasaka, kwa hiyo kila mwaka inahama. Usiandae koni kwa kalenda ya mwaka jana.

Pili, elewa ile ngoma inavyochezwa. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Umati unahama: upande mmoja wakitoa chatu, watu wote mbio huko, wengine wakijibu kwa bugobogobo, ngoma ya majembe, watu wanarudi mbio. Ukiweka meza katikati utakanyagwa, na mteja atakukimbia ua likiwa nusu. Kaa karibu na wauza chakula, watu wanakofika wamechoka na wanataka kukaa.

Tatu, na hili nalisema kwa upendo: hina si yetu Wasukuma, imekuja kutoka pwani na kwa Wahindi. Hakuna atakayekufukuza, Bulabo inapokea watu wote tangu enzi za Padre David Clement. Lakini usiandike kwenye bango "hina ya asili ya Kisukuma" kuwafurahisha watalii. Wazee wapo, wanasoma. Kama unataka kugusa mioyo, chora vitu vya pale: jembe, chatu aliyejikunja, pembe za ng'ombe, kiti cha mtemi. Mchezaji wa bugobogobo akiliona jembe kwenye mkono wa mtoto, huyo atakuletea kikundi kizima.

Mwalimu wa Awali
Kwa watoto usoni: rangi za maji za stationery ni za karatasi, zisiguse uso. Nunua rangi za uso, zile za kulowesha kwa maji, zimeandikwa ni za ngozi. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, kwa hiyo angalia nembo na tarehe. Sifongo moja mtoto mmoja, ndoo ya maji safi, mwenye mafua au kidonda usoni mchore mkononi. Ile glita ya kupambia kadi isikaribie macho, inakwaruza.

Dogo wa Nyegezi
Nesi nimekuelewa. Sasa huyu wa nyumbani anayepaka rangi nywele kila mara nimwambie nini?

Nesi wa Zamu
Aache piko kuanzia sasa. Saluni, akisikia muwasho masikioni au kwenye paji la uso baada ya rangi, asirudie, aje kliniki ya ngozi na pakiti mkononi.

Mpiga Hesabu
Bei: weka kadi yenye michoro michache, kila mmoja na bei yake. Ua dogo 2,000, kiganja 5,000, wanja 1,000. Hakuna "nichoree chochote". Chochote ndicho kinachokula saa nzima.

Mchoraji wa Igoma
Nimewaelewa wote. Mwenzangu amegoma, kasema atachora piko yake banda lingine, na vitu vyake kachukua. Poa tu. Hina nachora, wanja ninao, mchoro wa jembe nimeshaanza kuujaribu kwenye mguu wangu. Kwa sasa natafuta meza na viti vya kukodi, nani anajua vinapatikana wapi upande wa Kisesa?

Ng'wana Kisesa
Pale senta wapo wanaokodisha vya harusi. Lipia mapema, wiki ya Bulabo hupati hata stuli.