Mji wa Kale, Mombasa: mgeni akitoka Ngomeni aende wapi?

Mrithi wa Ndia Kuu

Assalam aleikum wanajukwaa. Sisi ni ndugu saba tuliorithi nyumba ya ghorofa mbili, ya mawe ya matumbawe, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Roshani yake ya mbao ingali imesimama, lakini dari ya chumba cha juu imeanza kuachia, na kila masika tunatandika ndoo sakafuni. Mwezi uliopita alikuja mtu anayetaka kuinunua aifanye hoteli, na wanne kati yetu wako tayari kuuza. Mimi nasita, na si kwa mapenzi ya nyumba peke yake.

Tangu Ngome yetu, Fort Jesus, iingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, tumekuwa tukiambiwa kwamba utalii wa urithi utauinua mtaa huu. Ninachokiona mlangoni kwangu ni basi linalosimama mbele ya Ngome, wageni wanaokata tiketi na kuzunguka kwa muda wa saa moja hivi, halafu kupitishwa mbiombio hadi duka la vinyago, kisha kurudi garini na kuvuka daraja la Nyali kwenda kulala katika hoteli za ufukweni. Ni jambo gani hasa litakalomfanya mgeni akae kisiwani, fedha yake iwafikie wakazi, bila sisi wenyewe kugeuka wageni mtaani kwetu?

Mwongoza Wageni

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kosa la kwanza ni letu sisi waongozaji, kwa sababu tunaiuza Ngome kana kwamba ndiyo Mombasa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Hiyo ni habari ya waliokuja kuutawala mji. Mji wenyewe Vasco da Gama aliukuta mwaka 1498 ukifanya biashara zake. Mgeni akianzia Ngomeni, akitoka pale anaona amemaliza.

Mimi siku hizi naanzia Bandari ya Kale. Nawasimamisha penye maji na kuwaeleza jinsi majahazi yalivyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakileta tende na nguo, kisha yakangoja kusi ili yarudi na boriti za mikoko. Baharia aliyefungwa na upepo kwa miezi huswali, hula, hukopa, huoa. Ukilielewa hilo, misikiti iliyosongamana, mapishi, na maneno ya Kiarabu na Kihindi yaliyomo katika lugha yetu vinajieleza vyenyewe. Baadaye naeleza kwa nini shehena ilihamia upande wa pili wa kisiwa: meli za injini zilitaka kina, na jina Kilindini lenyewe lasema hivyo. Ngomeni tunaishia, ambako wanatazama vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Taná, jahazi la kivita la Wareno lililozama mbele ya Ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa kwao. Matembezi hayo huchukua saa tatu, na mtu aliyetembea saa tatu ana njaa. Hapo ndipo fedha inapoanza kugawanyika, kwa muuza kahawa, kwa mwenye viazi karai, kwa mama wa mahamri na mbaazi. Abiria wa meli za kitalii zinazofunga Kilindini wana saa chache tu, kwa hiyo nisingeujenga mpango wowote juu yao.

Fundi Chokaa

Kabla ya wageni, ndugu, tuzungumze dari. Je, kuna mtu aliyewahi kupiga lipu ya saruji kwenye kuta hizo? Jiwe la tumbawe hunyonya unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Ukilifunika kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani na kulila. Kuna nyumba niliyobandua saruji, ikatoka kipande kizima kama ganda la yai, na nyuma yake jiwe lilikuwa limelainika hadi niliweza kulichota kwa kijiko. Ncha za boriti zilizoingia katika ukuta kama huo huoza kwanza, na dari hufuata.

Jambo la pili ni hoteli. Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, naye mnunuzi atataka kubomoa viambaza na kuweka bafu kila ghorofa. Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, hivyo mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji idhini. Muulizeni kama anajua.

Mama wa Kibokoni

Kaka mwongozaji umesema vizuri, lakini hizo saa tatu zako hupita mbele ya milango yetu. Juzi mgeni aliingiza kamera hadi ndani ya daka, pale pa kuingilia nyumba, nikiwa nimejifunga leso tu, na mwongozaji wake akacheka. Nyumba zetu zina mpango wake: baraza ni ya kila mtu, daka ni ya mwenye shughuli, na ndani ni kwa wenyewe. Utalii ukifuata mpango huo hautugombanishi na mtu. Sisi majirani watatu tungependa kuwapikia wageni chakula cha mchana kwa miadi, wakae barazani au ukumbini, walipe kwetu moja kwa moja bila kupitia kwa dalali. Wakati wa swala ya Ijumaa vichochoro viachiwe waumini.

Jirani wa Unguja

Mji Mkongwe wetu uliingia orodha hiyo ya UNESCO mwaka 2000, nasi tuliambiwa maneno hayo hayo. Wageni walikuja kweli, ajira zikapatikana, sitalikana hilo. Lakini kuna vichochoro ambavyo usiku taa zote ni za hoteli, na waliokuwa majirani wamehamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Wala umaarufu hauzuii ukuta kuanguka: Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, likaua watu. Msiuze, kodisheni ghorofa ya chini kwa mkataba wa miaka, na muandike kwamba sehemu ya kodi itatengenezea nyumba. Hati ibaki kwenu.

Mrithi wa Ndia Kuu

Nimewasomea ndugu zangu majibu haya jana usiku. Fundi, saruji ipo, tena chumba kile kile cha juu. Marehemu baba aliipiga akidhani anaokoa ukuta. Wawili kati ya wale wanne wamekubali kungoja mpaka uje uutazame. Mmoja bado ataka fungu lake la mirathi, na wa nne hajapokea simu. Mama wa Kibokoni, ukumbi wetu wa chini ni mtupu na una baraza pana; ukiridhia, tuanzie hapo na hicho chakula cha mchana.