Ngozi inapasuka usoni kwenye ncha ya kiatu, nipime nini?

Wakuu, ngozi ya ng'ombe ya milimita 1.4. Mashine ya kuvuta inasema ina nguvu ya kutosha, ila ikivutwa kwenye kalibu (umbo la mguu la kuundia kiatu), uso wa nje unachanika pale kwenye vidole. Tatizo ni nini?

— Mashine ya kuvuta inapima upande mmoja tu. Kwenye kalibu ngozi inatanuka pande zote. Tumia lastomita, kipimo cha ISO 3379: duara la ngozi linabanwa ukingoni, kitufe cha chuma kinasukuma kutoka upande wa nyama (wa ndani). Kodolea macho uso. Ufa wa kwanza ukitokea, soma kimo ambacho ngozi imeinuliwa. Chini ya milimita 7, usiipeleke kwenye kalibu.

— Umekata sampuli wapi? Tumboni ngozi inanyumbuka kuliko mgongoni. Kata sampuli zinazofuata uti wa mgongo na zinazoukingama, uziache saa 24 kwenye nyuzi 23 na unyevu wa 50%. Ngozi kavu hupasuka mapema.

— Na kwenye mashine ya kuvuta, nguvu igawanye kwa eneo la mkato: mfano niutoni 300, upana milimita 10, unene milimita 1.5, ni niutoni 20 kwa milimita ya mraba. Sampuli ikikatikia kwenye taya zinazoibana, tupa hiyo, rudia.