Seva ya zamani haioni hard disk: tupeane uzoefu wa kutafuta chanzo

#1 (mwanzisha mada)

Wakuu, seva yenye miaka kumi na zaidi bado ina kazi nyingi inayoweza kufanya: kutunza bekapu, mafaili ya ofisi, mashine pepe za majaribio. Kinachokwamisha wengi ni diski kutoonekana, na hapo mtu hukimbilia kununua nyingine. Mara nyingi diski ni nzima, ila kuna kiungo kimoja kimekatika kati yake na mfumo endeshi. Uzi huu ukusanye yale tunayoyajua kwa uhakika, kwa hatua na namba, ili mwenye tatizo aanzie mahali.

Naanza na swali linaloamua mengine yote: diski imepotelea ngazi gani? Seva inapowaka, weka kiganja juu ya diski usikie kama inazunguka. Kama haizunguki, mara nyingi tatizo ni umeme au diski yenyewe, na hakuna draiva itakayokusaidia. Kama inazunguka, ingia kwenye menyu ya kadi ya RAID (kadi inayosimamia diski kadhaa kwa pamoja) kabla mfumo haujaanza: Ctrl+R kwa PERC nyingi za zamani za Dell, F8 kwa Smart Array za zamani za HP, Ctrl+H kwa MegaRAID za LSI, Ctrl+C kwa kadi za LSI za SAS tupu (SAS ni muunganisho wa diski za seva, na "tupu" ni kadi isiyofanya RAID). Diski ikionekana humo lakini mfumo hauioni, acha kugusa waya, tatizo liko juu zaidi. Isipoonekana humo, acha kuhangaika na mfumo na ufungue kasha.

#2

Mkuu umeanza vizuri. Nashika hapo kwenye "kadi inaiona lakini mfumo hauioni", maana ndiyo kesi inayojirudia kuliko zote.

Kadi kama PERC H700 na Smart Array P410 hazipitishi diski moja kwa moja. Ukichomeka diski mpya, kadi inaijua, lakini mfumo hauoni kitu mpaka utengeneze diski pepe (diski ya kimantiki ambayo ndiyo mfumo huiona) ndani ya menyu. Kwenye HP utakutana na ujumbe wa 1785 wakati wa kuwaka, unaosema hakuna safu (kundi la diski) iliyopangwa. Hiyo si hitilafu ya diski. Ukitaka kila diski ijitegemee, tengeneza RAID 0 ya diski moja moja. Ila ujue gharama yake: diski iliyowekwa hivyo ina maandishi ya kadi hiyo, hivyo ukiihamishia kwenye kadi ya aina nyingine huenda isisomeke moja kwa moja. Kwa ZFS (mfumo wa mafaili unaotaka kusimamia diski wenyewe) mpangilio huu haufai. Tafuta kadi ya SAS tupu, au yenye hali ya kupitisha diski, kama PERC H310.

Kwenye MegaRAID unaweza kuangalia kila kitu ukiwa ndani ya Linux kwa programu ya storcli:

`storcli /c0/eall/sall show`

Soma safuwima ya hali (State). "UGood" ni diski nzima isiyopangiwa kazi. "UBad" ni diski ambayo kadi imeikataa, wakati mwingine kwa sababu tu ilichomolewa ikiwa inafanya kazi. Ukishaipima afya yake kwa smartctl, unairudisha kwa `storcli /c0/e252/s3 set good` (252 na 3 badilisha kulingana na namba zako za kasha na tundu).

#3

Naongezea kwa mkuu hapo juu: diski iliyotoka kwenye seva nyingine huandikwa "Foreign". Kadi imekuta mpangilio isioutambua na inasubiri uamuzi wako. Una njia mbili, kuingiza mpangilio huo au kuufuta. Kama kuna data unayoihitaji, usifute wala usikubali kuanzisha upya diski pepe. Chomeka diski zote za safu ile kwanza, ndipo uingize. Ukiingiza RAID 5 (inayovumilia kukosa diski moja tu) ikiwa imekosa diski mbili, haitapanda, na mtu akishapata presha ndipo hubonyeza kitufe kisichostahili.

#4

Upande wa nyaya, hesabu ni fundi mzuri. Angalia ni diski ngapi zimepotea na ziko matundu yapi.

Moja tu imepotea: shuku diski yenyewe, kibebeo chake, au tundu. Nne zilizofuatana zimepotea kwa pamoja: shuku kebo moja ya SFF-8087 (kebo ya data kutoka kwenye kadi), kwa sababu kila kichwa cha SFF-8087 kinabeba njia nne, na kwenye bodi ya nyuma (backplane, zinapochomekwa diski) isiyo na kigawanyaji (expander) kila njia ni diski moja. Zima seva, chomoa waya wa umeme ukutani, toa kebo pande zote mbili, rudisha mpaka usikie mlio wa kujifunga. Bado? Badilishana kebo A na B. Matundu yaliyopotea yakihama, kebo au upande wa kadi ndio mbovu. Yakibaki palepale, ni bodi ya nyuma. Zote zimepotea: angalia kwanza waya wa umeme wa bodi ya nyuma, kisha kadi yenyewe kwenye nafasi yake. Kadi iliyolegea baada ya seva kusafirishwa ni jambo la kawaida sana.

Sasa hili linawapotezea watu siku nzima. Kebo za SFF-8087 kwenda vichwa vinne vya SATA (muunganisho wa diski za kompyuta za kawaida) ziko za aina mbili na kwa macho zinafanana kabisa. Moja inatoka kwenye kadi (SFF-8087) kwenda kwenye diski nne. Nyingine ni ya kinyume, inatoka kwenye milango minne ya SATA ya ubao mama kwenda kwenye bodi ya nyuma yenye SFF-8087. Hazibadilishani. Ukiweka isiyo yake, diski zitazunguka vizuri na hakuna itakayoonekana. Soma maelezo ya kebo kabla ya kununua, usiangalie picha.

#5

Na kabla hamjatoka kwenye nyaya: diski ya SAS haifanyi kazi kwenye mlango wa SATA. Kinyume chake inawezekana, SATA kwenye kadi ya SAS ni sawa. Mitego iko hapa: bodi ya nyuma ina umbo la SAS, diski inaingia vizuri, kumbe bodi imeunganishwa kwenye milango ya SATA ya ubao mama. Haitaonekana kamwe. Lebo ya diski inasema wazi SAS au SATA. Isome kabla ya yote.

#6

Diski mpya kwenye seva kongwe, haizunguki kabisa, lakini kwenye mashine nyingine ni nzima: angalia pini ya 3 ya umeme.

Zamani pini 1 mpaka 3 za kichwa cha umeme cha SATA zilibeba volti 3.3. Toleo la 3.3 la SATA liliipa pini ya 3 kazi nyingine, kuizima diski kwa mbali. Seva ya zamani inapeleka volti 3.3 pale muda wote, na diski mpya inaelewa kuwa imeamriwa ikae kimya. Hutokea zaidi kwa diski kubwa za kituo cha data na zile zilizotolewa kwenye makasha ya nje ya USB.

Suluhisho: ziba pini hizo kwenye diski kwa utepe wa Kapton (utepe mwembamba usiopitisha umeme). Kichwa kirefu chenye pini 15 ndicho cha umeme, na pini ya 1 ni ile iliyo karibu na kichwa kifupi cha data. Kata kipande chembamba, funika pini 1, 2 na 3, usiguse ya 4. Tumia kibano. Utepe wa kawaida wa karatasi au wa gundi nzito hujikunja diski inapoingia tunduni na kuacha uchafu kwenye mguso. Kama diski haiko kwenye bodi ya nyuma, njia rahisi ni waya wa Molex (kichwa cha zamani cha umeme chenye pini nne) kwenda SATA, kwa kuwa Molex haina volti 3.3.

#7

Je, zile zinazoonekana lakini kwa ukubwa usio wake? Diski ya 4 TB inasomeka 2 TB.

#8

Mdau wa #7, hicho ni kikomo cha kadi. Kadi za kizazi cha SAS1068E na PERC 6/i huhesabu sekta (vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa) kwa biti 32. Sekta 4,294,967,296 mara baiti 512 ni takribani TB 2.2, hapo ndipo zinapoishia. Nyingine huonyesha 2 TB, nyingine hukataa diski kabisa. Programu dhibiti (firmware) mpya ya kadi haitalitatua. Badilisha kadi iwe ya kizazi cha SAS2008 au baadaye.

Usichanganye na MBR (aina ya zamani ya jedwali la kugawa diski), ambayo nayo huishia hapohapo. Kama kadi inaonyesha ukubwa kamili lakini mfumo unatumia 2 TB tu, tengeneza upya jedwali la diski kwa GPT (aina mpya), baada ya kutoa data.

Ukiona diski ina ukubwa wa sifuri, na imetoka kwenye kabati la hifadhi la kampuni kubwa, huenda sekta zake ni baiti 520 badala ya 512. Iunganishe kwenye kadi ya SAS tupu, itafute kwa `lsscsi -g`, kisha:

`sg_format --format --size=512 /dev/sg2`

Hii inafuta kila kitu, na inachukua saa kadhaa kwa diski kubwa. Hakikisha umeme hautakatika, maana ikikatishwa katikati, diski itabaki haitumiki mpaka uanze kuipanga upya. Na hakiki namba ya sg mara mbili kabla ya kubonyeza.

#9

Upande wa draiva. Kwenye Linux:

`lspci -nnk | grep -i -A3 -E 'raid|sas|sata'`

Kadi ikitokea lakini mstari wa "Kernel driver in use" haupo, diski hazina kosa. RHEL 8 (Linux ya Red Hat) na ndugu zake waliacha kadi nyingi za zamani, zikiwemo PERC 5, PERC 6 na za SAS2008. Seva iliyokuwa salama kwenye toleo la 7 inafika kwenye usakinishaji wa 8 na kukuta orodha ya diski tupu. Mradi wa ELRepo una diski za draiva kwa kadi hizo. Unaweka kwenye flashi na kuongeza `inst.dd` kwenye mstari wa kubuti. Debian huwa inazishika kadi hizo bila nyongeza. Kwenye Windows Server, bonyeza "Load driver" kwenye ukurasa wa kuchagua diski na uelekeze kwenye draiva iliyofunguliwa, si faili la zip.

#10

Mawili ya haraka. Diski zinakosekana seva ikiwashwa baridi, lakini ukiiwasha upya bila kuizima zinaonekana: pawa saplai inachoka. Diski ya inchi 3.5 huvuta takribani ampea 2 za volti 12 inapoanza kuzunguka, kwa hiyo nane zikianza pamoja ni karibu wati 190 kwa laini hiyo peke yake. Washa mpangilio wa kuanza kwa zamu kwenye kadi, au badilisha pawa saplai. La pili, kama mpangilio wa SATA kwenye BIOS unarudi wenyewe kila umeme ukikatika, badilisha betri ya CR2032.

#11

Kwa mashine kongwe zaidi zenye chipu ya VIA VT8237: hushindwa kuelewana na diski za 3 Gb/s. Diski nyingi za WD za enzi hizo zinawekwa jampa (kipande kidogo cha kuunganisha pini mbili) kwenye pini 5 na 6 ili zishuke hadi 1.5 Gb/s.

#12 (mwanzisha mada)

Shukrani wakuu. Atakayeleta tatizo hapa aweke modeli ya seva, jina la kadi, lebo ya diski (SAS au SATA, ukubwa, sekta), matundu yaliyopotea, na majibu ya lspci iliyoandikwa #9. Na kama diski inagonga kwa mlio wa kujirudia huku ndani kuna data ya pekee, izime sasa hivi na usiiwashe tena kwa majaribio. Hiyo ni kazi ya wanaookoa data, na kila mara unapoiwasha vichwa vinazidi kuikwaruza.